Mkwe Juu ya Mgunga

Baba mkwe wangu, Mzee Nchagwa, alitaka kukata mgunga mkavu ulio nyuma ya zizi, achomee matofali ya nyumba yake mpya. Mimi sikutaka, kwa sababu ndani ya mgunga ule kulikuwa na kasuku wadogo wenye makinda. Kumwambia sikuweza. Kwanza mimi ni mwoga wa kuongea. Halafu kwetu Wakurya, mke wa mtoto na baba mkwe hawazoeani. Hawapeani mikono, hawakai mkeka mmoja, na wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja lazima aingie kwenye majani. Tangu nilipoolewa kutoka Genkuru kuja huku wilaya ya Serengeti, mzee huyo nilikuwa namjua zaidi kwa mgongo.

Mume wangu Heche yuko Sirari, anafanya kazi gereji. Kwa hiyo wa kukaa nao walikuwa mama mkwe wangu Ghati, anayeongea kwa niaba ya watu wawili, na kasuku, wanaoongea kwa niaba ya kijiji. Ni ndege wadogo, kiganja kinawafunika. Mgongo wa kijani, uso na shingo rangi ya embe bivu, mdomo mwekundu, na macho yamezungukwa na duara jeupe kama wamevaa miwani. Shimo hawachimbi wenyewe. Wanasubiri kigong'ota atoboe mti mkavu, akihama wanaingia wao na vipande vya magome midomoni. Shida ni kwamba mti mkavu kijijini hapa haumalizi msimu. Kila anayeuona anaona kuni. Ule wa nyuma ya zizi ndio ulikuwa umebaki.

Mzee alipokuja na shoka asubuhi, alinikuta nimetandika mkeka chini ya mgunga, namenya karanga. Akasimama mbali, akakohoa. Nikamwamkia kwa kuinama. Sikuondoka. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi. Mwisho akamgeukia mbuzi aliyefungwa kwenye nguzo ya zizi.

"Mbuzi," akasema, "mwambie mtu aliyekaa hapo kwamba karanga humenywa jikoni."

Nikamwambia mbuzi, "Jikoni kuna moshi."

"Mwambie moshi wa jikoni haukuanza leo."

"Mwambie mzee, ndani ya mti kuna makinda."

Mbuzi alikuwa anatafuna kamba yake. Mzee akafikiri.

"Mbuzi, wazazi wa makinda hayo ndio waliomaliza mtama wangu. Huyo mtu aulizwe kama mwaka huu atakula ndege au atakula ugali."

"Mwambie mzee, nitawafukuza shambani mimi mwenyewe."

"Kwa sauti gani?" mzee akamuuliza mbuzi. "Mtu akiniamkia naona midomo tu."

Akaondoka na shoka lake. Siku iliyofuata nilihamia pale na nguo za kufua. Nikaegemeza na ngazi ya ghala kwenye mti, ili nikipata nafasi niwachungulie makinda. Mzee alizunguka kwa mbali, akatazama, akarudi nyumbani bila hata kumsalimu mbuzi. Nikadhani nimeshinda.

Kumbe alikwenda kumtafuta Masele. Masele ni Msukuma, alikuja Mara kufuata dhahabu, akaishia kukata miti ya watu kwa chenso, msumeno wa petroli unaosikika mpaka kijiji cha pili. Yeye hakuwa mkwe wangu wala mkwe wa mtu yeyote huku.

"Shemeji, sogea," akaniambia. "Mimi kwetu Shinyanga. Hayo ya kukimbiana hayanihusu."

Akaanza kuivuta kamba ya chenso. Ilipokohoa mara ya kwanza, nilikuwa nusu ya ngazi. Ilipokubali kuwaka, nilikuwa nimekalia tawi.

Masele akaizima. "Mzee, amepanda."

"Nani?" Mzee Nchagwa alikuwa amesimama pembeni, amelitazama zizi kwa heshima zote.

"Mkwe wako. Yuko juu."

"Usimwangalie."

"Nisipomwangalia nitakata vipi?"

"Fumba macho ukate."

"Mzee, hii chenso nayo haioni. Tutakuwa vipofu wawili."

"Mwambie ashuke."

"Nimwambieje wakati umenikataza kumwangalia?"

Mzee akaanza kurudi kinyumenyume kumfuata Masele, amelitazama zizi vilevile, anatafuta mti kwa kisigino. Mimi kule juu nikachungulia kwenye shimo. Makinda yalikuwa yamelaliana, nusu manyoya, nusu ngozi, hayajui kama kuna kesi. Nikaingiza kidole niyaguse. Mama yao alikuwemo. Akaking'ata.

Nilipiga yowe ambalo sikujua kama ninalo. Ng'ombe waliokuwa wamelala wakasimama. Mzee Nchagwa, kabla hajakumbuka mila yoyote, akageuka na kutazama juu. Nyayo zangu zilikuwa zinaning'inia juu kabisa ya kofia yake.

Mzee akavua kofia, akaitazama, akaivaa tena.

Ghati akaja mbio kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Nani amekufa?"

"Hakuna," mumewe akajibu.

"Mbona mmesimama kama msibani?"

Masele akamweleza. Ghati akanitazama mimi juu, akamtazama mume wake chini, mabega yakaanza kumtikisika. Halafu akajikaza.

"Kata," akamwambia Masele.

Nikalikumbatia tawi.

"Kata, usiogope. Uupasue, uingie tanuri. Baba Heche ajenge nyumba yake, alale kila siku ndani ya matofali yaliyoivishwa na mti uliokaliwa na mke wa mwanawe. Wazee wenzake wakija kunywa pombe atawaambia, karibuni, egemeeni ukuta, huu ni wa mkwe."

"Ghati," mzee akasema.

"Mimi nasema tu."

"Hakuna atakayejua."

"Mimi najua. Na mimi nikijua kitu, wewe unanifahamu."

"Na mimi nina mdomo, mzee wangu," Masele akasema, anafunga kifuniko cha petroli.

Mzee akaligeukia tena zizi. "Sasa tanuri nitachoma na nini?"

"Ile mikaratusi yako ya bondeni haina ndege wala mkwe," Ghati akasema.

Wakashuka bondeni, mzee mbele, Masele nyuma na chenso begani. Waliposhika kona ndipo Ghati akanishikia ngazi. Aliponiona kidole kinatoka damu akacheka mpaka akakaa chini.

Makinda yaliruka kabla mtama haujaiva, wakaongezeka wezi shambani, nami nikawa nawafukuza kwa debe. Mgunga bado umesimama. Baba mkwe anauzunguka kwa mbali kama nyumba yangu ya kulala.

Juzi kisimani nilimkuta Jenipha, mke wa mtoto wa Mzee Simioni. Kwao pia kuna mti mkavu, na Mzee Simioni ameshaanza kuutafutia Masele.

"Dada," akaninong'oneza, "siku ile ulipanda umevaa nini?"

"Suruali ya Heche, ndani ya sketi."

Akafikiri. "Ya mume wangu inanibana."

"Basi panda kabla baba mkwe hajaamka," nikamwambia, "halafu usiingize kidole."