Miguu ya Lami

Wasichana wa uwanjani walimwita Lami, kwa kuwa nusu ya ngozi yake alikuwa ameiacha barabarani. Uwanja wao wa kuteleza kwa sketibodi waliujenga wenyewe nyuma ya ghala lililofungwa. Walichanganya saruji kwa koleo, wakasawazisha mteremko kwa mwiko, na sheria yao ilikuwa moja tu: asiyeziba nyufa asubuhi hapandi ubao jioni. Gazeti lililowahi kuwaandika lilisifu nywele zao.

Mama yake, fundi cherehani, hakuwahi kukanyaga pale. Kwake huo ulikuwa upuuzi mtupu, na alishakubaliana na kaka yake kwamba Lami ahamie kwa huyo mjomba, mji mwingine, akauze dukani kwake. Kwa hiyo watu wa matangazo walipokuja kumtafuta "msichana asiyeogopa", Lami aliidaka nafasi kwa mikono miwili.

"Mama, nipe muda mpaka tangazo litoke," aliomba. "Ukiniona kwenye televisheni ukasema bado ni upuuzi, nafunga begi mwenyewe."

"Sawa," mama alisema, pini zikiwa midomoni. "Tutaona."

Tangazo lenyewe lilikuwa la mafuta ya ngozi. Walikuja na magari, miavuli, na mwongozaji aliyevaa miwani ya jua hata ndani ya hema. Aliwaita wote "malkia", pengine ili asijisumbue na majina. Alitembea juu ya mteremko akauliza ni kampuni gani iliujenga. Alipoambiwa ni wao, akacheka akidhani anataniwa, kisha akaenda kutafuta kivuli.

"Wewe utakuwa miguu," alimwambia Lami. "Kuanzia kiunoni kushuka uko vizuri sana. Uso tumekuja nao."

Uso ulikuwa umekaa kwenye kiti cha kukunja. Alikuwa mwanamitindo mrefu, mpole, aliyeushika ubao kifuani kama sinia la chai. Hakuwa na makosa yoyote. Aliuliza kwa adabu, "Dada, hiki kitu kinasimamaje?" Lami akamwonyesha, maana ugomvi wake haukuwa na yeye.

"Lakini na mimi nitaonekana?" Lami alimuuliza mwongozaji.

"Kwa mbali, malkia. Utapita pita."

Alijua anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Ila mtu anayesubiriwa na begi hawezi kujitia maringo, hivyo akakaa mbele ya kioo.

Hapo ndipo alipojionea mambo. Mpambaji alitazama magoti na miguu yake, akaguna, akaanza kuyafunika makovu kwa poda, moja baada ya jingine, mpaka miguu ikawa laini kama ya mtu aliyelelewa juu ya godoro. Kisha akahamia kiti cha pili, akachukua brashi na rangi, na kwa uangalifu mkubwa akamchorea mwanamitindo kovu gotini.

"Hilo la nini?" Lami aliuliza.

"La ujasiri," mpambaji alijibu. "Lazima aonekane amewahi kuanguka."

Mwongozaji akaja kukagua. Alitazama goti la mwanamitindo, akatazama goti la Lami, akashika kichwa. Magoti hayafanani! Mpambaji akarudi mbio na brashi yake, na juu ya poda, mahali palepale, akamchorea Lami kovu dogo, jembamba, lenye heshima zake.

"Chini ya hilo kuna la kweli," Lami alisema.

"Tunajua, malkia. La kweli halipendezi."

Mchana kutwa Lami aliruka. Kila alipotua aliinua uso kuitazama kamera, na kila alipouinua mwongozaji alipiga kelele, "Kichwa chini!" Akarudia, akainua tena. Poda ikachanganyika na jasho, goti likachubuka upya, na damu ilipotoka wakasimamisha kazi ili waifute, kwa sababu haikulingana na rangi ya chupa ya mafuta.

Tangazo lilitoka jioni moja, mama akiwa anamalizia gauni la harusi. Uso ulicheka. Miguu ikaruka. Uso ukacheka tena, chupa ikatokea, na sauti nzito ya mwanamume ikasema wanawake hawaogopi chochote. Kwa mbali hakupita mtu.

Mama aliweka gauni mapajani. "Miguu ni yako," alisema. "Nimeiosha mimi, siwezi kuikosea. Kichwa ni cha nani?"

Lami alimweleza yote: poda, brashi, kovu la kuchora. Alipomaliza alisimama kwenda kutafuta begi, maana makubaliano ni makubaliano.

"Keti," mama alisema. Alikuwa ameshika lebo ya duka analolishonea, ile anayoishona shingoni mwa kila gauni. "Maisha yangu yote nashona, jina linakaa la mwenye duka. Maharusi wanamshukuru yeye. Nikipishana nao njiani hawanijui. Nilidhani wewe ndiye utakayeponyoka hilo." Akaipachika lebo, akaishona kwa hasira, akakata uzi kwa meno. "Kwa mjomba wako huendi. Na huo upuuzi wako bado siupendi. Lakini kama ni kuvunjika mguu, nenda kavunjike pale ambapo watu watajua ni wako."