Kadi ya Sauti ya Genia

Tarehe thelathini Septemba ni siku ya jina langu, yaani ya mtakatifu wangu, Hieronim, ingawa nyumbani naitwa Hirek. Kwetu Kalinów siku ya kuzaliwa ni mambo ya watoto. Mtu mzima husherehekewa siku ya jina lake, na wageni hawaalikwi, anayekukumbuka anakuja. Zamani walikuja watu kumi na tano, tukaazima viti kwa majirani. Mwaka huu nilijua atakuja mmoja tu, shemeji yangu Pola, mdogo wa marehemu mke wangu, kwa sababu anakaa ghorofa ya chini yangu na hana pengine pa kwenda.

Mke wangu Genia ana miaka miwili kaburini. Alisubiri zamu ya kupigwa picha ya tumbo miezi saba. Barua ya kumwita ilipofika, nilikuwa nimeshamzika wiki tatu. Ilikuwa na muhuri mzuri, wa buluu. Aliyeugonga nadhani analala vizuri.

Ninachotaka kusimulia ni habari ya kadi. Enzi za ujana wetu kulikuwa na mafundi wa vibandani waliouza kadi za sauti. Ni kadi ya posta kama nyingine, ina picha ya maua au ya milima, ila juu ya picha wamebandika plastiki nyembamba yenye mifereji ya santuri. Unaiweka kwenye gramafoni, inaimba. Ukiongeza pesa kidogo, fundi anakuingiza ndani, unasema maneno yako kabla ya wimbo, na kadi hiyo inakuwa moja tu duniani. Genia alinitengenezea ya kwangu mwaka tuliochumbiana. Ina picha ya mawaridi. Sauti yake haipo mahali pengine popote, hatukuwa watu wa kurekodiana. Kila siku ya jina langu aliipiga mara moja, basi, akairudisha kwenye bahasha, maana plastiki ile ni laini na kila ikipigwa sindano inakula kidogo.

Mwaka wa kwanza baada ya msiba sikuweza kuisikiliza. Mwaka huu nilitaka. Nikaitazama sindano kwa kioo cha kukuzia nikakuta imelika, ina makali kama patasi. Sindano ya namna hiyo ukiishusha kwenye kadi, haisomi. Inalima.

Kupata sindano nyingine kama ile, hakuna. Kiwanda chetu cha magramafoni, ambako nilifunga mikono ya gramafoni, ile inayopita juu ya santuri, miaka ishirini na miwili, wakubwa walikiuza kwa mtu ambaye hata jina lake hatukuambiwa. Vipuri vilisukumwa shimoni na tingatinga, niliona kwa macho yangu. Leo pale wanauza vigae vya bafuni.

Basi ikabidi nibadilishe kichwa kizima, yaani kile kidude cha mbele kinachobeba sindano. Hapo ndipo wasiojua wanapoharibu. Kichwa na mkono wa gramafoni ni ng'ombe wawili wa jembe moja, lazima walingane. Mkono mwepesi unataka kichwa laini, ambacho sindano yake inanesa. Mkono mzito unataka kigumu. Ukifunga kichwa laini kwenye mkono mzito, santuri ikiwa na kibonde kidogo tu mkono unarushwa na hautulii tena, unayumba kama mlevi anayeshuka ngazi. Kwenye santuri nzima utavumilia. Kwenye kadi iliyojikunja miaka arobaini, sindano itaruka na kutua kwa kishindo, na ikitua penye sauti ya mtu, ndiyo basi tena.

Sikubahatisha. Nilikuwa na karatasi ya kiwanda, nimeitunza tangu ujana, na karatasi inasema mkono wa modeli ile ni mwepesi sana. Nikapanda basi nayo saa mbili nzima hadi duka la mjini. Muuzaji akaisoma, akapiga hesabu zake, akanipa kichwa laini. Bei sitaitaja, marehemu asije akageuka kaburini.

Nilikifunga asubuhi ya siku ya jina langu. Nikajaribu kwanza na santuri ya kwaya ya jeshi, iliyojikunja, ambayo hata ikifa hakuna atakayeilia. Mkono ukaruka. Kila kibonde kilipopita ulipanda, ukashuka, ukapanda tena mara mbili tatu peke yake, na sindano ikibonyea mpaka kichwa kinakaribia kukwaruza. Nikazima. Nikakaa kwenye kiti. Miaka ishirini na miwili nimefunga mikono ile nikiamini karatasi yao, kumbe hata uzito wa mkono walitudanganya.

Saa kumi Pola akagonga. Ameshika keki ya plamu, bado ina joto.

"Uishi miaka mia, shemeji!"

"Mia ya nini? Ya kupanga foleni?"

"Haya, hamsini basi. Nipunguze ngapi zaidi?" Akanibusu mashavu yote mawili, akaenda kukaa dirishani, mahali pake. Upepo ukainua pembe ya pazia ikampiga sikioni. "Na huyu naye bado ananichapa! Hujawaandikia ushirika wa nyumba?"

"Barua ya tisa iko pale mezani, nimeibandika stempu. Miaka ishirini na kitu dirisha lao linapitisha upepo na hakuna mtu anayejali."

"Pazia lina pembe nne, Hirek. Mbona upepo wa ushirika unaijua hii moja tu?"

"Kaulize ushirika."

Akacheka. Tukanywa chai, tukanywa na kile kiglasi kidogo cha siku ya jina. Halafu akatazama gramafoni imefunguliwa kifuniko, akatazama bahasha pembeni yake, akaacha kucheka.

"Leo utaipiga?"

"Siwezi." Nikamweleza yote, karatasi, kichwa, duka, mkono unavyoruka. "Wametudanganya, Pola. Mkono ni mzito. Waliandika mwepesi ili wauze nje."

Pola alifanya kazi kiwandani pia, sehemu ya vichwa, ghorofa ya juu, meza moja na Genia. Ilikuwa ghorofa ya wanawake watupu, sisi wa chini tulipanda huko siku ya wanawake tu kupeleka maua. Akavaa miwani.

"Karatasi hii ni ya gramafoni iliyotoka kiwandani kwa mlango," akasema. "Hii yenu ilitoka kwenye mkebe wa supu."

Ni kweli. Hakuna aliyenunua gramafoni kule kwetu. Tulizitoa vipande vipande kwenye mikebe ya chakula, chini ya makoti, mota moja katika matawi ya mti wa Krismasi nakumbuka. Hatukuita wizi. Ya kwetu ilichukua majira ya baridi mazima kukamilika, nusu nilitoa mimi, nusu Genia.

"Mkono niliutoa mwenyewe," nikasema. "Niliufunga kwa vidole hivi. Ni ule ule wa kwenye karatasi."

"Na kichwa alikifunga nani?"

"Genia. Zile nyaya nne nyembamba kama nywele, mimi na vidole hivi ningefanya nini? Sijawahi kukifungua hata siku moja mpaka leo."

"Ulipokifungua ulikuta nini?"

"Kichwa cha zamani, na kile kibati chenu cha juu yake, kilichopakwa rangi ya kuzuia kutu. Nimekirudisha kama kilivyokuwa. Mimi ni mtu wa utaratibu."

"Kibati gani? Sisi hatukuweka kibati."

Nilimwambia mtu akikaa miaka kumi na minane bila kazi anasahau. Akaniambia nifungue, maneno baadaye. Nikalegeza skrubu mbili, kibati kikaangukia kiganjani mwake. Kidogo, upana wa ukucha wa dole gumba, kimebondwa kwa nyundo, chekundu. Kiganja chake kikashuka kidogo kwa uzito. Akakikwaruza kwa ukucha, chini ya wekundu kukatokea kijivu kinachong'aa.

"Hii ni risasi," akasema. "Ile madini nzito wanayofunga wavuvi kwenye ndoana. Na hii ndiyo rangi yako ya kutu? Hirek, hii ni rangi ya kucha. Ni ile ya Genia aliyoletewa na Wanda wa kiwandani kutoka Berlin, tulipakana sote mpaka ikaisha."

"Kiwanda kiliweka," nikasema. Sijui kwa nini nilisema.

"Kiwanda kilipaka kucha?"

Alitazama kile kipande, kisha akainuka kwenda dirishani. Akashika upindo wa pazia, pazia la mama yao, zito, alilopewa Genia alipoolewa. Akabinya pembe ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila moja ilikuwa na kijidude kigumu ndani yake, kilichoshonewa kuivuta chini. Akabinya ya nne, ile inayochapa watu. Ilikuwa tupu. Akaigeuza. Kulikuwa na mkato mdogo uliofungwa kwa mishono myembamba, ya karibu karibu, mishono ya mtu aliyezoea nyaya.

Nikakumbuka. Mwaka themanini na tatu vichwa laini vilikuwa havipatikani tena, vyote vinakwenda nje kuleta dola, na sisi tukapata kigumu kutoka mashariki kwa kubadilishana na nyama. Nilipokileta nyumbani, Genia akakifunga, gramafoni ikawa inaunguruma. Waimbaji wa kiume walisikika kama wako ndani ya pipa. Jumapili nzima nilikaa nikikaza beringi za mkono na kuwatukana waliouza vichwa vyetu. Jumatatu jioni ikaimba safi. Niliita majirani. Nilisema, sikieni, huyu ni fundi. Genia alikuwa anamenya viazi, akasema, "Una mikono ya dhahabu, Hirek."

Mkono ulikuwa mwepesi mno kwa kichwa kile, akautia uzito. Mchana ule wa Jumatatu, nilipokuwa zamu.

"Alikwambia?" nikamuuliza Pola.

"Mimi? Hapana. Ningeweza kunyamaza miaka yote hiyo, mimi?"

"Kwa nini hakuniambia?"

"Angekwambia ungefanya nini?"

Nikafikiri. "Ningemwambia aitoe."

"Haya."

Pazia likainuka, likashuka. Nimeandika barua nane juu ya pembe ile. Nimemwita mwenyekiti wa ushirika mwizi mbele ya watu kwenye mkutano, na Genia alikuwa amekaa pembeni yangu, mkoba magotini, kimya.

"Sasa mkono umekuwa mzito kwa sababu ya hii tu," Pola akasema. "Ukiiacha nje, karatasi yako ni ya kweli, na kichwa chako kitakaa."

"Ndiyo."

"Basi tufunge bila hii."

Nilikuwa nimechoka. Najua kichwa laini hakikubali uzito ule, najua kuliko mtu yeyote mjini hapa. Lakini kile kipande kilikaa pale yeye alipokiweka miaka ishirini na saba, na mkono wangu ndio uwe wa kukiacha nje. Nikamwambia anipe muda. Akakata keki, akala kipande kizima.

"Fanya wewe," nikasema mwishoni.

Akaleta kibano chake cha nyusi kutoka chini, akafunga kichwa bila kile kipande. Mikono yake inatetemeka siku hizi, waya wa tatu ulimtoka mara mbili, akatukana tusi la kiwandani ambalo nilidhani nimelisahau. Nikasogeza uzito wa nyuma mpaka mkono ukalala sawa hewani, kisha nikaongeza gramu moja na nusu za kubonyeza. Tukaweka kwaya ya jeshi. Kibonde kikaja, mkono ukapanda, ukashuka, ukatulia. Kikaja kingine. Ukatulia.

Nikatoa kadi kwenye bahasha, nikaweka senti katikati ili isijipinde, kama alivyokuwa akiweka. Sindano nikaishusha ukingoni kabisa, mahali ambapo kadi imejikunja zaidi. Miaka yote kichwa kile kigumu kiliporuka ukingo ule, kilianzia kwenye neno "Hieronim". Safari hii hakikuruka. Kulikuwa na mkwaruzo kama wa mafuta kikaangoni, kisha sauti ya msichana, mbali, anamuuliza fundi:

"Nianze?"

"Anza, dada," Pola akasema.

Akaanza. Heri ya siku ya jina lako, Hieronim. Hapa ndani kuna baridi, na bwana huyu ananionyesha saa. Afya njema, na... sijui niseme nini zaidi. Mahali pengine pamelika, maneno yanapotea, nikayasema mimi mwenyewe kwa midomo kwa kuwa nayajua. Kisha wimbo ukaja. Kwa kawaida tuliuacha umalizike. Nikainua mkono hapo hapo, nikairudisha kadi kwenye bahasha.

Pola alikuwa anajifuta kwa kitambaa cha mezani. "Hata mimi sikujua kwamba aliuliza," akasema.

"Hata mimi."

Kisha akataka sindano ya kushonea. Alitaka kuirudisha risasi kwenye pazia, asije akachapwa tena. Nikamwonyesha ilipo, kwenye kopo la biskuti. Akakata mishono ya dada yake mmoja mmoja, akaingiza kile kipande chekundu, akashona. Mishono yake si mizuri kama ile. Upepo ukaja, pazia likavimba kidogo katikati, pembe zikabaki chini zote nne.

Barua ya ushirika sijaituma. Si kwamba dirisha lao ni zima. Upepo nausikia mgongoni sasa hivi ninapoandika. Ila stempu nimeibandua kwa mvuke, nitaitumia kwa jambo jingine.