Somo Lisilo na Kikohozi

Mimi sina subira na kelele. Nilizaliwa hivyo, na kazi ikanizidishia. Mpaka leo mtu akitafuna karanga karibu yangu, namhama. Kwa hiyo mwaka 1976 waliponitoa darasani nilikokuwa nikifundisha kule Tabata na kunipeleka chuo cha ualimu, nje kidogo ya Kinondoni, nikajifunze kutengeneza masomo ya redio, niliona serikali imenikumbuka kwa mara ya kwanza.

Ilikuwa miaka ya Elimu kwa Wote. Watoto walijaa madarasani na walimu hawakutosha, basi vijana waliomaliza darasa la saba wakapewa chaki wakaambiwa wafundishe. Asubuhi walifundisha, alasiri wao wenyewe walijifunza ualimu kwa vijitabu vya posta na kwa redio. Sisi wanachuo tisa tulikuwa tunajifunza kuwatengenezea hayo masomo ya redio. Tulirekodi mwalimu mzoefu akifundisha darasa la kweli, ili kijana aliye Chanika au Kibamba, asiye na mkubwa wa kumtazama, angalau amsikie.

Mkufunzi wetu aliitwa Wilbert, mtu mkavu, shati lake jeupe halijui jasho. Alituambia kila siku kwamba msikilizaji hana macho, na ukimwachia jogoo kwenye ukanda wa kurekodia ataliacha somo amfuate jogoo. Alitufundisha kuuzungusha ukanda kwa mkono, polepole, mpaka uikute sauti isiyotakiwa, kisha unatia alama, unakata kwa wembe, unaunga. Mlango unakatwa. Kiti kinachoburutwa kinakatwa. Chafya, mluzi wa barabarani, mtoto anayecheka bila sababu, vyote chini ya meza. Nilikuwa hodari wa kazi hiyo. Wenzangu waliniita Tekla Wembe, nami sikukasirika hata kidogo.

Mtihani wa mwisho ulikuwa mmoja tu. Kila mwanachuo alete somo la mfano la dakika ishirini. Atakayeshindwa anarudi shuleni kwake bila cheti, na atakayeongoza anabaki chuoni awe mkufunzi wa studio. Nilitaka kubaki. Silifichi hilo, maana ndilo lililoniponza.

Nilichagua shule moja ya Temeke, darasa la tatu la Mwalimu Kasimiri, mpole mmoja kutoka Masasi aliyekuwa na watoto tisini na mmoja na vitabu thelathini na viwili. Somo lilikuwa kusoma kwa sauti. Watoto wale wote walisoma kwa kusukuma neno moja moja, isipokuwa msichana wa miaka kumi na mmoja aliyeitwa Mauwa, mtoto wa mchonga vinyago. Yeye alisoma kama anayekupa habari za jirani. Ulipomsikia ulitaka kujua mbele kuna nini, hata kama hadithi yenyewe ilikuwa ya mbuzi aliyekula kamba.

Tatizo, Mauwa alikuwa anakohoa. Siku ya kwanza nilihesabu vikohozi thelathini na vinane. Nilikaa studio siku mbili na wembe wangu, lakini kikohozi kikiingia katikati ya neno hukitoi bila kulitoa neno. Wilbert alisikiliza dakika nne akazima. Alisema viungio vinasikika, nirekodi upya au nilete somo jingine.

Kasimiri aliniambia ukweli wote, siwezi kusema sikujua. Mtoto ana kifua kikuu. Kila asubuhi mama yake humpeleka zahanati kuchomwa sindano kabla ya kuja shule, amekwishapata siku arobaini na bado zimebaki nyingi, ila nafuu inaonekana, maana mwanzoni hata kusimama mstarini hakuweza. Alinishauri ningoje apone, au nichukue mtoto mwingine. Kungoja sijui. Mtoto mwingine hakuwapo. Tepurekoda ya kubeba ilikuwa moja kwa wanachuo tisa, zamu yangu ya mwisho ilikuwa Alhamisi, na baada ya hapo hakuna zamu.

Basi nikamwita Mauwa barazani. Nilimfundisha kwamba kikohozi kikipanda afunge mdomo, abane leso kwenye meno, avute pumzi kwa pua, ameze. Tulifanya mazoezi siku tatu. Alishika upesi, kama alivyoshika kila alichofundishwa. Mara nyingine kilimshinda, akaniangalia kwa aibu kama aliyevunja kikombe cha mgeni, nami nikamwambia tuanze tena. Siku ya tatu nikamwambia maneno ambayo nayaandika hapa kama nilivyoyatamka.

"Ukikohoa, nitamchukua mwingine. Usipokohoa utasikika nchi nzima, na nitarudi na chombo kukurekodi tena."

"Sitakohoa, mwalimu," alisema.

Alhamisi hakukohoa. Dakika ishirini nzima. Nilikuwa nimevaa hedifoni, nimekaa mbele yake, nikaona macho yake yanajaa machozi na mshipa wa shingo umesimama, lakini masikioni mwangu palikuwa na usomaji mtamu tu. Nilifurahi. Nilifurahi kiasi kwamba nilitaka kumkumbatia Kasimiri, mwanamume ambaye hata mkono nilimpa kwa nadra.

Mama Mauwa alikuja kumchukua binti yake akiwa na mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa mwanamke mrefu wa Newala, miguu imejaa vumbi la kutembea kila alfajiri mpaka zahanati na kurudi. Kwa furaha niliyokuwa nayo nilimvalisha hedifoni nikaurudisha ukanda mwanzo asikie. Alifumba macho akasikiliza. Alipovua akaniuliza kama chombo kile kinasikia kila kitu. Mwenye majivuno haulizwi mara mbili. Nilimwambia kinasikia hata nzi akitua mezani, na kwamba kwa dakika ishirini nimemsikiliza mwanawe sikusikia kikohozi hata kimoja, hana kitu huyu. Mauwa alikuwa amesimama hapo hapo, kinywa kimefungwa. Mama yake alinishika mkono kwa mikono miwili, akanishukuru mpaka nikaona haya. Nilidhani ananishukuru kwa heshima ya redio.

Niliongoza mtihani. Wilbert alisema tangu aanze kazi hajasikia darasa la watoto tisini na mmoja likiwa na utulivu ule. Nilibaki chuoni, nikapewa ufunguo wa studio na wanachuo wapya wa kuwakaripia. Somo la Mauwa lilipangiwa kutangazwa muhula uliofuata, Alhamisi, saa tisa alasiri. Kurudi Temeke kumrekodi tena sikurudi. Sikuwa na nia mbaya. Nilisahau tu, na sijui kama hilo ni afadhali.

Miezi mitatu baadaye nilitoka studio nikamkuta Kasimiri kwenye benchi la nje, kofia iko magotini. Aliniambia Mauwa amefariki Jumatatu. Nikamwuliza kwa ukali, kana kwamba yeye ndiye aliyekosea, vipi afe na sindano anachomwa. Akasema sindano ziliachwa siku ile ile ya kurekodi. Mama yake alimwona hakohoi, darasani naye Kasimiri alimwona hakohoi, kila mtu akashukuru Mungu. Dresa wa zahanati alipoulizia, akaambiwa mtoto kapona. Ni mdogo wake wa kumfuata, aliyelala naye mkeka mmoja, ndiye aliyesema mwishoni kwamba dada huwa anakwenda nyuma ya choo kukohoa, halafu anarudi anafuta mdomo. Wakati huo alikuwa anatoa damu.

"Alikuwa anakungoja," Kasimiri alisema. "Gari likisimama tu pale nje, anainua kichwa."

Hakuwa ananilaumu. Ndivyo alivyokuwa mtu yule, na siku hiyo nilimchukia kwa upole wake. Ningeshukuru angenizaba kofi.

Nilikwenda msibani Jumapili. Njia nzima niliyapanga maneno. Nitamwambia Mama Mauwa kwamba mtoto hakuwa amepona, kwamba mimi ndiye niliyemfundisha kukimeza kikohozi na kumtisha asikitoe, na kwamba nilijua anaumwa nini. Nilipofika wanaume walikuwa nje na baba yake, wanawake mikekani ndani. Mama Mauwa aliniona, akamsogeza mtu ili nikae karibu naye. Nilimpa pole. Kisha akaanza yeye.

"Mwalimu, kuna jambo nataka kukuuliza. Mie siwezi kukaa nalo moyoni."

Nikamwambia aulize.

"Kule zahanati dresa anaweka mipira masikioni, anamsikiliza kifua, anasema bado, mlete kesho. Wewe ukaweka ya kwako, mikubwa kuliko ya dresa, ukamsikiliza muda mrefu, ukasema hana kitu. Nikasema huyu kasoma kumshinda dresa. Nikaacha kumpeleka." Alinitazama usoni. "Siku ile, chombo chako kilikuwa kizima?"

Wanawake wote walinyamaza. Sijawahi kusikia ukimya kama ule, na mimi ukimya ndiyo kazi yangu. Maneno niliyoyapanga yalikuwa mdomoni, yote, kwa mpangilio. Nilimwangalia mwanamke yule, nikawaangalia wenzake, nikaogopa. Hakuna jina jingine la jambo hilo. Niliogopa watu wa Temeke, nikaogopa chuo, nikaogopa Wilbert na ufunguo wangu.

"Kilikuwa kibovu," nikasema. "Tuligundua baadaye."

Alipumua. Akaniwekea mkono kwenye goti, akaniambia nisilie, chombo si mtu, ningejuaje. Akawageukia waliokuwa upande wa pili akawaeleza kwamba ni chombo, mwalimu hana kosa. Wakaitikia wote, wakanihurumia. Mmoja akaniletea chai, nikainywa.

Nilipokuwa naaga alinishika tena.

"Kwa hiyo na lile somo?" aliuliza. "Mwalimu Kasimiri alisema litasomwa Alhamisi hii. Baba Mauwa kaazima redio kwa watu, tumsikie mtoto. Kama chombo kilikuwa kibovu, litakuwepo kweli?"

Hapo mlango ulikuwa wazi. Ningesema litakuwepo, lakini angeuliza limewezaje, naye hakuwa mjinga. Uongo ni kama deni la ugoro, ukichukua kidogo unarudi kuchukua tena. Nikamwambia ukanda uliharibika wote, halitatangazwa.

"Haya," alisema. "Tulijua ni bahati mno."

Nilikuwa na siku nne za kurudi na kusema kweli. Kutoka chuoni mpaka Temeke hakukuwa mbali, na hakuna aliyenifunga miguu. Jumatatu nilikuwa na kipindi. Jumanne nikasema kesho. Jumatano sikusema chochote.

Alhamisi saa tisa nilikaa studio peke yangu na redio ya chuo. Mtangazaji alitaja somo, akataja shule, akalitaja na jina langu. Kisha Mauwa akaanza kusoma habari za mbuzi, kwa sauti ile ile ya kukupa habari, na vijana wenye chaki walimsikia Chanika, Kibamba, Masasi na huko Newala kwao. Hakukohoa. Barua zilikuja nyingi baadaye, wakiuliza yule mtoto ni nani na kama atasoma tena.

Kasimiri alinieleza wiki iliyofuata kwamba nyumbani kwao hawakusikiliza. Redio waliyoazima walikwisha kuirudisha kwa mwenyewe Jumatatu asubuhi.