Damu ya Kuazima

Mimi ni msusi, na kazi hii imenifundisha kutomwamini mtu. Mteja anakaa kitini, anakuapia kwamba nywele zake hazijawahi kutiwa dawa. Ukigusa utosi, umeungua wote. Kwa hiyo sukari ya mama iliposhuka ghafla, nyumba nzima ikafurahi, mimi nikanuna.

Mama alikuwa na kidonda mguuni. Kaka yangu, anayepima damu hospitalini na ambaye mtaa mzima unamwita Profesa, alimletea vidonge vipya na kimashine cha kupimia sukari. Mama Mdogo, anayelala chumba kimoja na mama, alimletea chupa ya maji ya maombi. Kila asubuhi mama alijifungia chumbani na huyo mdogo wake, akatoka na kimashine mkononi. Sita, kama ya mtu asiyeumwa. Kesho yake tena sita. Kuchomwa kidole mbele ya watu hataki, eti anaona haya kukunja uso.

"Ni vidonge," kaka alisema. "Sayansi haibahatishi."

"Vidonge amemeza miaka," Mama Mdogo akamjibu. "Ni haya maji."

Wakagombania ushindi kama mashabiki wa mpira. Kaka alijisifu kazini kwake. Mama Mdogo alimsimamisha mama mbele ya kikundi cha maombi, akatoa ushuhuda, watu wakalia. Ila mimi ndiye niliyekuwa namwosha mama nywele, na pua yangu ilikuwa inanusa kile kidonda kupitia bandeji. Harufu ilikuwa inazidi. Nilipouliza, kaka akaniambia mashine haidanganyi. Mama Mdogo akasema nina roho ya mashaka. Hawa watu hawajawahi kukubaliana jambo, leo wamekubaliana juu yangu.

Nikaanza kumshuku kila mtu. Nikaonja yale maji, ni maji tu. Nikamkagua mama mdomo baada ya vidonge, amemeza. Nikabaki najiona mchawi.

Jumapili tulikuwa jikoni sote wanne. Mama Mdogo alikuwa anakamulia samaki ndimu, mara akavuta mkono na kunyonya kidole. Nikaushika huo mkono kabla hajauficha. Ncha za vidole zilikuwa na vitundu vidogo vidogo, vingine bado vyekundu. Nikageukia vya mama. Laini.

"Mama, lete kidole."

Akanipa bila ubishi. Nikaleta kimashine, nikamchoma, kikasoma ishirini na saba.

Mama Mdogo hata aibu hakuona. "Kukiri uponyaji kabla haujaonekana si uongo, mwanangu. Ni imani. Nimemwazimia damu tu mpaka yake isafike."

Kaka alininyang'anya kimashine. "Betri hii imekwisha," alisema. Akabadilisha betri, akajichoma mwenyewe. Tano. Akapangusa, akajichoma kidole kingine.

Nikamgeukia mama. "Mama, na wewe ukakubali? Kwa nini?"

"Kaka yako alikuwa akitoka hapa anapiga mluzi," alisema polepole. "Tangu baba yenu afe sijamsikia akipiga mluzi. Na huyu mdogo wangu alikuwa ameanza kupata usingizi. Ningesema haijashuka, ningemvunja moyo nani? Nikaona niwaachie." Akanyoosha ule mguu chini ya meza. "Halafu msinitolee macho hivyo, napona kweli. Tangu juzi kidonda hakiumi. Ukinifinya kuanzia hapa mpaka gotini, sisikii kitu."

Alikuwa anatabasamu, amefurahi kuwa na habari njema ya kutupa.

"Mnaona sasa?" Mama Mdogo akasema, akafumba macho ashukuru.

Nikamtazama kaka. Yeye anajua kuliko sisi sote mguu wa mwenye sukari ukiacha kusikia maana yake nini. Alikuwa ameinama, anakamua damu kwenye kidole cha tatu.

Nikachuchumaa mbele ya mama, nikampa mgongo, nikamwambia apande twende hospitali.