Mke wa Fundi Anakwenda kwa Miguu

Mimi sina wivu. Wivu ni wa watu wasio na kazi, na gereji yangu ina magari sita yananisubiri. Lakini hebu niambieni: mke wa fundi wa magari, gari liko mlangoni, anaendaje kazini kwa miguu?

Alianza wakati ule mafuta yalipoadimika. "Mafuta yanatoka ng'ambo," akaniambia huku anafunga kamba za raba. "Meli ikichelewa, mji mzima unakwama. Miguu yangu haisubiri meli ya mtu." Nikacheka. Nikajua ni moto wa mabua. Mafuta yakarudi, mama harudi garini! Kisha jirani akanitonya kwamba hatembei peke yake. Anatembea na mwalimu wa hesabu wa shuleni kwao, bwana mrefu kama nguzo ya umeme.

Hapo roho iliniuma, nisiwafiche.

Asubuhi iliyofuata nikawafuata kwa gari. Gia namba moja, hatua hamsini nyuma yao, kofia nimeishusha mpaka kwenye nyusi. Wanaongea. Mke wangu anacheka, tena anacheka mpaka anashika kiuno! Nyumbani alicheka lini vile? Nikaukaba usukani kama shingo ya mtu. Mafuta yanateketea kumfuata mtu anayetembea, na wala sikujali.

Kila mteja wangu namwonya: gari kuukuu usiliburute polepole kwa muda mrefu, litachemka. Lakini mganga hajigangi. Nusu ya njia ya shuleni boneti ikaanza kufuka, rejeta ikapiga mluzi, na barabara nzima ikageuka kunitazama. Wao pia.

"Makubwa! Baba watoto, unatufuata?"

"Najaribu gari la mteja."

"Hili si letu?"

Mwalimu hakucheka, na hilo likanichoma zaidi. Akanipa chupa yake ya maji. Nikamwambia kwa ukali kwamba rejeta haifunguliwi ikiwa ya moto, inangojewa ipoe.

"Basi tusindikize, shemeji," akasema. "Ukirudi itakuwa imepoa."

Nikakubali, na nikajipachika katikati yao. Nani angepita hapo? Hatukufika mbali, mwalimu akachungulia mbele ya kifua changu, akamwuliza mke wangu, "Jino vipi leo?"

"Afadhali. Jana lilinitesa sana."

"Jino lipi?" nikauliza mimi.

Aliyenijibu ni mwalimu, kwa upole, kama anamsaidia mwanafunzi mzito.

"La chini, kushoto, shemeji. Wiki ya pili sasa."

Wiki mbili, na tunalala kitanda kimoja. Ningewakuta wameshikana mikono, ningejua la kufanya.