Lori Limelala

Kila asubuhi, kabla baba yake hajaloweka tambara, Rosalia alifungua mlango wa lori na kunakili maandishi ya chaki kwenye daftari. Hizo ndizo zilizokuwa hesabu za baba yake, mzee Ambrosi: safari, dizeli na magunia ya korosho, vyote vimeandikwa ndani ya mlango. Kisha mzee aliliosha lori lote, na hesabu za jana zikaenda na maji. Habari za daftari hakuwa nazo. Rosalia alikuwa ametoka chuo cha biashara mwaka uliopita, na aliona haya kuonekana anamfundisha baba kazi yake.

Asubuhi ile hakuwa amemaliza mstari wa pili pale Bashiru, jirani yao wa hapo mtaa wa Mtanda, alipotokea na baiskeli akihema, akamkuta mzee upande wa pili wa lori ndiyo kwanza analoweka tambara.

"Shikamoo mzee. Acha kumwogesha bibi harusi. Afisa wa kodi anakwenda Nachingwea saa sita. Mwenye lalamiko la makadirio ni leo."

"Marahaba. Si walisema Jumatatu?"

"Wamesema leo."

Tambara lilimponyoka Ambrosi. Alikuwa amekadiriwa kodi kana kwamba lori lilitembea mwaka mzima, ilhali mvua za Elinino ziliikata barabara ya Nyangamara tangu Desemba hadi Mei. Kodi ile isipopunguzwa, lori lingeuzwa. Na lori likiuzwa, Rosalia angelazimika kuikubali ile barua ya kazi ya Dar es Salaam aliyoificha chini ya godoro.

Mzee akawasha injini. "Nawapelekea mlango wenyewe wausome."

"Baba, mlangoni kuna safari ya jana tu," Rosalia alisema, akarukia kiti cha pembeni na daftari lake kifuani.

Katika ofisi ya kodi, Rosalia aliliweka daftari mezani; afisa, mama mwenye miwani, akalifungua katikati, akasoma kwa sauti.

"Machi pili, limelala. Machi tatu, limelala. Machi nne, limelala, kuku ametaga chini ya usukani." Akainua macho. "Mzee, hili ni lori au mgonjwa?"

"Mgonjwa wa barabara, mama."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Afisa hakucheka sana. Alipekua kurasa moja moja, akilinganisha na stakabadhi za dizeli alizozibandika Rosalia pembeni. Desemba mpaka Mei hapakuwa na hata moja. Akakata tarakimu ya zamani, akaandika nyingine, iliyopungua nusu nzima, akagonga mhuri.

Nje, Ambrosi alilizunguka lori lake mara mbili, karatasi ameishika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

"Siku za safari naelewa," alisema hatimaye. "Lakini lori limelala, na wewe unaandika. Miezi sita. Kwa nini, mwanangu?"

Rosalia aliutazama mlango. Kwa nje, kwa rangi nyeupe, paliandikwa A. NANDONDE, S.L.P. 61, LINDI. Chini yake palikuwa patupu.

"Nilikuwa najizoeza kazi ninayoitaka," alisema. "Wameniita kazini Dar, baba. Siendi. Nataka kufanya kazi na wewe, na jina langu liandikwe hapo chini ya lako. Kwa rangi. Si kwa chaki."