Tarumbeta ya Kwanza

Ilikuwa mchana kweupe pale mtaa wa Kikula vijana wa chama cha wenyeji walipotupa barabarani godoro la Kalombo, masufuria yake na picha yake ya harusi. Mwaka ule wa tisini na mbili, kila mwenye asili ya mkoa wa Kasai mjini Likasi alifukuzwa hivyo hivyo, akalale stesheni kungoja treni isiyojulikana itafika lini. Kalombo alisimama mlangoni ameikumbatia tarumbeta yake, mkewe Mwadi na watoto nyuma yake.

"Mama yangu ni Musanga, muntu wa hapa hapa," alisema. "Muulize Symphorien!"

Symphorien alikuwamo kwenye kundi la watazamaji. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amempulizia Kalombo tarumbeta ya pili katika okestra yao ya jazi. Kalombo akipiga, wanawake wa mtaa wa Shituru waliacha viti vyao. Symphorien akipiga, watu waliagiza bia. Wivu ulimtafuna hadi mifupani. Hata Clotilde, mkewe wa ndoa, alisonga bukari huku akiimba sauti ya tarumbeta ya Kalombo.

Evariste, kijana wa chama aliyeshika orodha ya wa kufukuzwa, akamgeukia. "Papa, weye ni mwenye inchi. Ukisema ni kweli, anabakia. Mama yake ni wa hapa?"

Mama yule alikuwa amempakulia chakula mara ngapi! Na alipokufa, Symphorien alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Akaitazama tarumbeta.

"Minye? Namujua mu muziki tu. Mambo ya mama yake, siyui."

Kalombo akainamisha kichwa. Mwadi ndiye aliyesema: "Symphorien! Ulikuwaka unakula kwetu!"

Mla nawe hafi nawe. Symphorien akaenda zake nyumbani kupiga suti pasi.

Jumapili alasiri alisimama mbele ya okestra, penye nafasi ya tarumbeta ya kwanza. Baa ilikuwa nusu tupu, kwani wachezaji wengi walikuwa stesheni, chini ya maturubai. Hata hivyo alipuliza vizuri kuliko siku zote. Walipopumzika kidogo, upepo ukaleta tarumbeta nyingine kutoka upande wa reli, polepole, wimbo wa kanisani.

"Ni Kalombo," alisema Clotilde. "Mutoto yake amekufa asubui, kuhara. Sasa banamuzika."

Watu wakaweka chupa chini. Mzee mmoja akavua kofia. Hakuna aliyekohoa. Kimya cha namna ile Symphorien alikuwa amekitamani maisha yake yote.

"Rumba!" akawafokea wapiga gitaa. "Pigeni rumba! Muongeze sauti!"

Akaielekeza tarumbeta upande wa stesheni, akapuliza mpaka mishipa ya shingo ikamsimama.